Shingo Haina Chama

Katika nguo zote anazovaa mwanamume, tai ndiyo pekee isiyo na kazi. Mkanda unashika suruali. Soksi inasitiri yaliyomo ndani ya kiatu. Hata kofia ina msaada wake kwa mwenye upara. Tai haifuniki kitu, haikingi jua wala mbu, na ukijifutia jasho nayo utaambiwa umelewa. Inaning'inia tu, ikingojea mchuzi. Sasa chukua Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto limegoma kushuka chini ya nyuzi 30, daladala imejaa hadi mlangoni, halafu mtu mzima anajikaba shingo kwa hiari yake.

Mtu huyo ni mimi, na tai ninazo nyingi. Idadi siijui. Mwenye hesabu kamili ni mke wangu, na hesabu yake huja na mahubiri, kwa hiyo siiombi. Nazinunua mtumbani, na nazitaka za zamani tu: pana za miaka ya 1970, nyembamba za mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mara mojamoja, Mungu akijalia, ile fupi nene ya miaka ya 1940, ya enzi ambazo suruali zilipanda hadi kitovuni. Marafiki zangu wanaokusanya vitu vya maana, viwanja kwa mfano, huniuliza nazitaka za nini.

Huwa nawajibu kwamba kitu kisicho na kazi kina vituko vyake. Kwa kuwa tai haikuzaliwa na kazi, kila anayekutana nayo anaipangia. Huyu anaona chama, yule anaona timu, mwingine anaona mhubiri, na mwingine anaona wakala wa bima anayekuja kumharibia mchana. Wewe uliyeivaa unaulizwa mwisho kabisa, ikiwa utaulizwa. Na ikiwa ni ya mtumba, ambayo ilishaishi maisha yake huko ilikotoka, basi unatembea na mambo ya mtu usiyemjua, na maswali yake unajibu wewe.

Soko langu ni Karume, pale Ilala, ingawa sipiti Moshi bila kuchungulia Memorial, wala Nairobi bila kuzama Gikomba. Kote huko hadhi ya tai ni ileile: haina. Jinzi zina meza zake. Mashati yanapigwa pasi na kutundikwa kwenye henga. Viatu vinasuguliwa kwa mswaki na maji ya sabuni mpaka vinasahau vilikotoka. Lakini sijapata kumwona mfanyabiashara aliyeagiza belo la tai. Tai huja kwa kudandia mizigo ya wenzake. Belo la kilo 45 linakatwa kamba alfajiri, wenye maduka wanachagua daraja la kwanza huku tochi wameibana kwa meno, wanaofuata wanachagua kilichobaki, na jua likishapanda, chini kabisa ya rundo imesalia tai, imekanyagwa na kupigana fundo na sidiria.

"Jero! Jero! Chagua jero!"

Ikikosa mteja haitupwi, inaajiriwa. Nimekuta tai za hariri zimefunga viroba, zimekaza mizigo kwenye mkokoteni, zimeshika suruali ya mwenye meza mwenyewe. Moja ya Italia ilikuwa komeo la mlango wa choo, na kwa kweli ilikuwa komeo zuri.

Ubora wa tai uko mgongoni. Mnunuzi wa kawaida anatazama mbele, ua limekaaje, rangi imekolea au imechoka. Mimi naigeuza. Ukipanua ule mkunjo wa nyuma kwa vidole viwili, utaona uzi mmoja mrefu uliopita kwa ndani kutoka upande huu hadi ule, umelegezwa makusudi na kumalizikia kwenye kitanzi kidogo cha ziada. Fundi aliyeiacha ile ziada alijua kwamba tai huvutwa asubuhi na jioni. Uzi ule unairuhusu itanuke ikifungwa na irudi ikifunguliwa. Ukiuvuta taratibu, tai nzima hujikunjakunja. Ukiuvuta kwa pupa, umenunua utepe. Kisha naishika kwa ncha nyembamba na kuiacha ining'inie. Ikitulia, ujue kitambaa kilikatwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45, mtindo uliowekwa miaka ya 1920 na Jesse Langsdorf wa New York. Ikijizungusha hewani, ujue aliyeikata alikuwa anabania kitambaa.

Kipimo cha mwisho ni moto. Uzi wa hariri ukiungua unanuka nywele na kuacha majivu. Wa polista unayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Nilipomwomba mwenye meza mmoja kiberiti ili nifanye jaribio hilo, alinitazama kwanza, halafu akauliza kwa sauti ya kusikika hadi meza ya tatu, "Mjomba, unataka tuanze upya?" Soko la Karume liliungua Januari 2022. Majirani zake wote waliacha kuuza wakasimama wakinitazama mikono. Siku hizi nachomea nyumbani, jikoni, mwenye jiko akiwa ametoka.

Tai ya kijani niliikuta wakati wa masika, na haikuwa kwenye rundo. Ilikuwa kazini. Ilikuwa imefunga kona ya turubai kwenye mti wa kibanda: kijani kibichi, mistari ya njano, na katikati ya mistari alama ndogo ya mpira na herufi tatu. Kwa upana ule ilikuwa ya miaka ya 1970, na kwa alama ile ilikuwa ya klabu. Tai ya klabu haiji Karume kila siku.

"Kaka, hii shilingi ngapi?"

"Ipi?"

"Hii iliyoshika turubai."

"Hiyo siyo mali, mjomba. Hiyo ni jengo."

Nikamwambia basi nanunua jengo. Akasema elfu kumi. Nikamkumbusha kwamba meza yake nzima ni jero, akanieleza kwa upole kwamba bei ya jengo ina usumbufu wa kuhama ndani yake. Tukavutana mpaka elfu nne, na kamba ya manila juu yangu. Kamba ikaletwa. Kijana wake akafungua fundo la tai kabla hajakaza kamba, na hapo ndipo sote tulipofahamu kwamba maji ya mvua ya usiku yalikuwa bado yamelala juu ya turubai. Yalishuka yote kwa pamoja. Mwenye meza hayakumpata hata tone, maana alishahama zamani. Yalimshukia mama mmoja aliyekuwa akipatana bei ya vigauni vya watoto, pamoja na vigauni vyenyewe. Yule mama hakutukana. Alinyoosha kidole tu kwangu akasema, "Wa kulipa huyu hapa." Nikalipa vigauni vyote vilivyolowa, na bajaji ya kumrudisha kwake akabadili nguo.

Nyumbani mke wangu alimwaga mfuko kitandani. Sisi watoto wetu ni wa kiume, na wa mwisho ana ndevu.

"Baba Juma, wewe si ulikwenda kununua tai?"

"Ndiyo."

"Na hivi vigauni ni vya nani?"

Nikaanza kumweleza habari ya jengo, kamba ya manila na mama niliyemlipia bajaji akabadili nguo, na kadiri nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyoisikia mwenyewe inavyosikika. Shemeji zangu wawili walifika kabla ya magharibi. Kikao kilikwisha kwa azimio kwamba vigauni vigawiwe kwa majirani na mimi nipunguze kutoka.

Tai yenyewe nilipoisafisha, lebo ya nyuma ilisema imetengenezwa Australia. Mpira ule haukuwa wa kandanda. Kule kuna mchezo wa kubingirisha mipira kwenye nyasi zilizokatwa kwa utaratibu, mchezo wanaoupenda wazee waliostaafu, wamevaa meupe tupu, na klabu zao zina beji, nembo na tai. Kijani na njano ndizo rangi za timu za taifa hilo. Kwa hiyo mimi nilijua ninavaa nini: tai ya mstaafu mmoja wa Australia aliyejua kulenga. Tatizo ni kwamba nilikuwa peke yangu katika ujuzi huo.

Siku ya kwanza kuivaa nilikuwa na karatasi ya kugongwa muhuri kwenye ofisi moja ambako, kwa kawaida, muhuri huwa umesafiri na mkubwa. Safari hii bwana wa mapokezi aliinuka kabla sijafika mezani. "Karibu, mheshimiwa." Foleni ikanipisha. Nikapewa kiti, nikapewa maji ya chupa, na muhuri ukarejea kutoka safarini palepale. Nilipotoka, bwana mmoja alinisindikiza hadi kwenye ngazi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuninong'oneza, "Mtukumbuke na sisi huku chini." Nikamwahidi kwamba tutawakumbuka. Kijani na njano ni rangi za CCM, na mle ndani hapakuwa na mtu mwenye haja ya kusoma herufi.

Nikaondoka hapo kifua mbele, moja kwa moja hadi Kariakoo kutafuta plagi za gari. Kijani na njano ni rangi za Yanga pia. Mwenye duka alikuwa Simba wa kuzaliwa, na plagi alizomuuzia jirani yangu elfu kumi na tano, mimi nilitajiwa elfu thelathini. Nilipolalamika alinielekeza kwa adabu zote nishuke hadi Jangwani, wenzangu wakaniuzie. Kitambaa kimoja, mchana mmoja: huku kimenipa uheshimiwa, huku kimenitoza kodi.

Kesi iliyofika mbali ni ya posa. Mpwa wangu alikuwa anaposa Temeke, na mshenga nilikuwa mimi. Nilichagua tai kwa kuangalia suti, ambayo ni ya kijivu, na kijivu kinapatana na kijani. Tukakaribishwa sebuleni, tukaketi mkekani. Ukutani palikuwa na kalenda ya Simba, saa ya Simba, na chini ya saa, katika fremu ya dhahabu, kikosi cha Simba cha zamani. Baba wa binti alipokea salamu, akapokea barua ya posa, akaiweka kando bila kuifungua.

"Bwana mshenga," akasema, "kabla hatujagusa mahari, tulizungumze kwanza hilo linaloning'inia."

Nikaanza: Australia, nyasi, wazee waliovaa meupe, mipira inayobingirishwa. Nikaona siaminiki, nikageuza tai wasome lebo wenyewe. Miwani ikaletwa. Mzee akasoma, akampasia ndugu yake. Ndugu yake akasoma, akampasia mjomba wa binti. Lebo ikapita mkono kwa mkono kuuzunguka mkeka, na mimi nikiifuata kwa magoti, maana bado ilikuwa shingoni mwangu, hadi kwa shangazi aliyeketi karibu na mlango, ambaye hakuwa na miwani na alihitaji nisogee zaidi.

Mzee akatafakari. "Kumbe mpaka Australia wapo," akasema.

Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na nyumbani kwa mzee yule jambo hilo lilizungumzwa jana. Hukumu ikatoka: mahari haitaongezwa, kwa sababu kijana hana kosa, ila kuna faini ya kreti mbili za soda, nyekundu tupu, na mshenga akae na tai yake mfukoni mpaka atakapovuka kizingiti. Nikalipa, nikavua. Binti aliolewa, na mzee yule hadi leo akinipigia simu huuliza kwanza hali ya wenzangu wa Australia.

Nilikuwa nikidhani ugonjwa huu ni wetu, hadi nilipoanza kusoma habari za tai zangu. Wenyewe hasa ni Waingereza. Husimuliwa kwamba mwaka 1880 wapiga makasia wa Exeter College, Oxford, walivua riboni za kofia zao wakazifunga shingoni, na tangu hapo mistari ya tai kule ikaanza kuwa na wenyewe. Bluu iliyokoza na damu ya mzee ni ya vikosi vya walinzi wa mfalme. Nyeusi yenye mistari myembamba ya bluu hafifu ni ya waliosoma Eton. Nyekundu na njano ni ya MCC, wenye kriketi yao pale Lord's, na ukiivaa bila kuwa mwanachama utatazamwa kwa jicho lilelile la Temeke, tena bila soda. Brooks Brothers wa Marekani waliona wasihangaike na kesi hizo: wakaigeuza mistari ielekee upande wa pili, wakamuuzia yeyote mwenye pesa.

Serikali nazo hazikuiacha tai ipumzike. Fundi redio wa mtaani kwetu ni mzee wa Bukavu, na ukimpelekea redio hurudishiwi bila hadithi ya Mobutu. Miaka ya 1970 tai ilipigwa marufuku Zaire. Mwanamume wa heshima alivaa abakosi, koti la kufunga hadi juu. Aprili 1990 Mobutu alipotangaza kwamba sasa vyama vingi ruksa, katika hotuba ileile akaruhusu na tai, ingawa yeye mwenyewe akabaki na abakosi yake. "Vyama vilituletea taabu," husema mzee huyo akipuliza vumbi kwenye redio. "Tai hazikumdhuru mtu." Kenya ikaenda kinyume: Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alizipiga marufuku Kaunda suti ndani ya Bunge, na mheshimiwa bila tai akawa hana pa kuketi.

Baba yangu angejihisi yuko nyumbani kwa Mobutu. Alikuwa mtumishi wa serikali wa baada ya Azimio la Arusha, mwenye Kaunda suti ya rangi ya ugoro na nyingine ya kijivu, na tai aliiita kasumba. Alipoona nimeanza kuzileta nyumbani akaongeza, "Na tena kafa Ulaya." Nilimjibu kwamba Mzee Ruksa ndiye aliyefungulia mabelo, nami natii serikali. Baba akasema serikali haikumtuma mtu kujinyonga.

Baada ya Temeke niliamua kutafuta tai isiyo na chama, timu, jeshi wala chuo. Nikaipata: kahawia tupu, mgongo safi, uzi wake mzima na kitanzi chake, bei jero. Nikaivaa na shati jeupe kwenda harusini, ukumbi mmoja wa Sinza. Sijamaliza hata kuketi, dada wa meza ya nyuma akanigusa bega.

"Kaka, huku maji hamjaleta."

Nikageuka. Kando ya ukuta walikuwa wamejipanga wahudumu, wote mashati meupe, wote tai za kahawia. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya mitumba, nikawaza shangazi asiye na miwani, nikaufunga. Nikaenda kuleta maji. Meza ya pili wakataka soda za baridi. Meza ya wakwe wakarudisha kidari, wakataka paja. Msimamizi akapita, akanipa trei na kuniambia nichangamke. Nilikula jikoni, ambako nyama haina mgawo, na nilimwona bwana harusi kwa karibu kuliko kamati yake yote. Shughuli ilipokwisha tukapangwa mstari tulipwe, nami nikalipwa. Msimamizi akaniambia Jumamosi kuna nyingine, nifike saa nane mchana, na nisibadili tai.

Mke wangu alikuwa ameketi meza ya wageni muda wote huo na hakunitetea hata kwa kikohozi. Tulipofika nyumbani alizihesabu pesa, akazihesabu tena, halafu akaenda mwenyewe kabatini na kuanza kuzipekua tai zangu, moja baada ya nyingine, akitafuta kama hakuna kahawia ya pili ya kumpa mdogo wake aliyemaliza chuo mwaka juzi.